Mji Ulioendelea Siku Moja

Wiki nzima, wasomaji wangu, tangu gazeti lililopita, mmemwacha Mama Gundi kwenye korido ya kiwanda cha viatu, mkono kwenye kitasa, sikio mlangoni, ninyi mkaenda zenu kula na kulala. Mkono umekufa ganzi. Tumfungulie sasa, maana chuma kilichokuwa kinagongwa ndani ya chumba chake bado kinagongwa, na leo ni siku ya mapumziko, siku ambayo hata panya wa kiwanda hiki hawaji kazini.

Alisukuma mlango.

Mashine kubwa ya kubana soli, ile ambayo wafanyakazi wanaiita Tembo, ilikuwa imelazwa ubavu. Boliti zake zilikuwa ndani ya ndoo. Aliyepiga magoti kando yake, ovaroli imelowa jasho mgongoni, alikuwa fundi mitambo wa kiwanda, mdogo wake Mama Gundi wa tumbo moja, yule ambaye mji mzima unamwita Spana.

Kikulacho ki nguoni mwako, wasomaji wangu. Mama Gundi alidhani atakuta mwizi, na mwizi angalau mtu anaweza kumpigia kelele.

“Shikamoo, dada,” alisema Spana, kwa sababu mtu akikosa la kusema huanza na salamu.

“Marahaba utaipata baadaye. Nani amekwambia umlaze Tembo?”

“Meneja.”

“Ameharibika?”

“Mzima kabisa. Anahama.”

“Anahamia wapi?”

“Ng'ambo ya mto, mkoa wa jirani. Mitambo yote, dada. Malori yako nyuma ya ghala yanapakiwa tangu alfajiri. Tembo ndiye wa mwisho.” Spana alifuta mikono kwenye ovaroli, ingawa ovaroli ilikuwa chafu kuliko mikono. “Na mimi naenda nayo. Nimeahidiwa kazi ya kudumu huko. Mke wangu yuko karibu kujifungua, unajua mwenyewe.”

Mama Gundi alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya pipa la gundi. Gundi hiyo ndiyo iliyompa jina. Ameipaka kwenye soli tangu kiwanda kinafunguliwa, leo ndiye msimamizi wa chumba, na nusu ya wanawake wa mji ule wamejifunza kazi wakiwa wamesimama ubavuni kwake. Kiwanda hicho kikiondoka hakuna kingine. Watu wote watarudi sokoni kuuza nyanya, na hatabaki hata mmoja wa kuzinunua.

“Wanahama kwa sababu gani?”

“Kwa sababu tumeendelea.”

“Nani ameendelea?”

“Sisi. Mji. Mkoa mzima. Tume imeshasema.” Spana alitaka kutabasamu, uso ukamkatalia. “Meneja aliponieleza nilicheka mpaka akaniuliza kama naumwa.”

Mama Gundi hakucheka. Maneno yale yalimkata maini, kwa sababu alishaanza kuelewa, na katika alichokielewa mkono wake mwenyewe ulikuwemo.

Turudi nyuma kidogo, kwa faida ya wale ambao gazeti la mwezi uliopita walilifungia sabuni.

Kiwanda kilikuja kwa sababu serikali ilisema mkoa uko nyuma. Mwekezaji anayekubali kujenga kwenye mkoa ulio nyuma anasamehewa kodi, anapewa kiwanja, anatengenezewa barabara mpaka mlangoni. Msamaha huo una mwisho wake. Ukikaribia kwisha, Tume inatumwa kutoka makao makuu kuja kuangalia kwa macho. Mkoa ukiwa bado uko nyuma, unaongezewa muda. Ukiwa umeshasogea, unaachwa utembee wenyewe.

Tume ikaja. Na watu wa mji ule wana ugonjwa ambao hata wewe unao, usijifanye. Mgeni akibisha hodi, mkeka wenye tundu unasukumwa uvunguni, na kikombe chenye mpini ndicho kinachotoka. Mama Gundi ndiye aliyeongoza shughuli. Alisema haiwezekani wageni wa serikali watukute uchi. Kuta za barabara kuu zikapigwa chokaa. Wenye vibanda sokoni wakaazima mali kwenye duka la jumla, wakaipanga mpaka juu. Na watoto wa shule, ambao mji huo wa kutengeneza viatu haujawahi kuwavisha viatu, wakavishwa vya kiwandani kwa siku ile moja. Mama Gundi alikwenda mwenyewe kumwomba Meneja, na Meneja akakubali kabla ombi halijafika katikati. Jioni viatu vikakusanywa, vikafutwa vumbi, vikarudi kwenye maboksi.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Viatu hawakuvitaja. Pengine hawakudhani kuna watu watafika huko.

“Meneja yuko wapi?” aliuliza Mama Gundi.

“Ametangulia ng'ambo.”

“Na Afisa Mipango?”

“Yuko ofisini, amepata wageni wakubwa. Dada, usiende kujiaibisha.”

“Nilikubeba mgongoni wewe hujui hata kujikuna. Leo unifundishe aibu?”

Alitoka, na nyuma yake akasikia spana ikirudi kazini.

Afisa Mipango wa mkoa alikuwa kijana aliyeota mvi mapema, na tai yake haikufika tumboni. Ofisini kwake kulikuwa na feni isiyozunguka na viti viwili vya wageni, kimoja kimefungwa kamba mguuni. Ukutani kulikuwa na ramani ya mikoa yote. Mingine ilikuwa nyekundu, mingine kijani. Mkoa wao ulikuwa umepakwa kijani juu ya nyekundu, na wekundu ulikuwa bado unachungulia pembeni.

“Mara ya mwisho nilipokuja hapa tulikuwa wekundu,” alisema Mama Gundi.

“Mlikuwa.”

“Kijani maana yake nini, mwanangu?”

“Maana yake mmepona, mama.”

Mama Gundi aliitazama ramani. Alitafuta kwenye ule ukijani nyumba yake, kisima kilichokauka, shule yenye madarasa yasiyo na milango. Hakuviona.

“Na mtu akitaka kurudi wekundu anafanyaje?”

Afisa alishusha sauti. “Mkoa uanguke kwanza. Watu wakikosa kazi, maduka yakifungwa, vijana wakihama, Tume inakuja kuangalia upya. Ikiridhika, inawarudisha, na mwekezaji mwingine anatafutwa.”

“Yaani tufe kwanza ndipo tupewe dawa.”

“Mgonjwa akimwambia daktari yeye ni mzima, daktari afanyeje?” Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu aliyechoka. “Na mimi nilikuwepo, mama. Nilifika nyumbani nikakuta mke wangu amepanga mezani vikombe vya jirani. Nikanyamaza. Nani atamwambia mgeni kwamba kwake hakuna kikombe?”

“Meneja alijua itakuwa hivi?”

“Alijua kuliko sisi wote. Hapa kwetu msamaha wake wa kodi ulikuwa umebaki mkia. Ng'ambo anauanza kichwani. Tungeongezewa muda, asingekuwa na sababu ya kuondoka. Tukionekana tumepona, anaondoka kwa amani na kupigiwa makofi.” Afisa alikwepa macho yake. “Ulipomwendea kuomba viatu, mama, ulimpelekea kamba, na shingo ukampa mwenyewe.”

Mama Gundi alikuwa amemwombea dua mtu yule. Alikuwa amezunguka chumba kizima cha gundi akiwaambia wenzake kwamba Meneja ana roho nzuri, kumbe walikuwa wanamsema bure. Sasa aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto.

“Mwenyekiti wa Tume yuko hapa?”

“Yuko chumba cha pili anakunywa chai. Akimaliza anavuka mto. Kesho anazindua kiwanda.”

“Nifungulie.”

“Mama, watanifukuza kazi.”

“Wakikufukuza, utakuwa wa kwanza kuturudisha kwenye wekundu.”

Afisa alicheka bila kupenda, na kabla kicheko hakijamwisha alikuwa ameshafungua mlango. Kuna watu hufanya jambo jema kwa bahati mbaya tu.

Mwenyekiti wa Tume, ambaye kila mtu alimwita Bi Mkubwa, alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani, viatu amevivua chini ya meza kwa sababu miguu ilikuwa imemvimba. Mama Gundi hakupindisha maneno.

“Bi Mkubwa, siku ile tulikudanganya. Viatu vya watoto vilikuwa vya kuazima. Mali ya sokoni ilikuwa ya kuazima. Hata chokaa tulipaka upande unaotazama barabara tu. Mji wetu haujaendelea popote.”

Bi Mkubwa alikoroga chai. “Nilijua.”

Mama Gundi alidhani hakusikia vizuri.

“Shule nzima ilikuwa inachechemea,” alisema Bi Mkubwa. “Mtoto aliyezoea viatu hachechemei. Na sokoni nilinunua mche wa sabuni, muuzaji hakujua bei yake.”

“Sasa mbona ukasema tumepona?”

“Keti, mama.” Mama Gundi hakuketi. “Mikoa inayolia ni mingi, na mfuko ni mmoja. Nilitumwa nitoe mkoa mmoja ili mwingine uingie. Kila nilikokwenda watu walinionyesha paa linalovuja. Ng'ambo ya mto walinipa chai kwenye kopo la rangi, na mtoto akaniomba biskuti niliyokuwa nimeshaiuma. Ninyi mkanipokea kama harusi. Nilitafuta sababu ya kuwabakisha, sikuipata. Ya kuwatoa mlikuwa mmeshaniandalia.”

Mama Gundi alishika ukingo wa meza. Mikono yake ilikuwa na ule weupe wa gundi kwenye kucha, ambao hautoki hata kwa mafuta ya taa.

“Lakini kazi ni zilezile,” alisema. “Tembo ni yuleyule, soli ni zilezile. Wa ng'ambo atapata kwa sababu mimi nimekosa. Hapo nchi imeongeza nini?”

“Kule zitaitwa ajira mpya. Waziri atazitangaza.”

“Na zinazoondoka huku?”

“Hizo hazina mtangazaji.” Bi Mkubwa alisema hivyo bila ubaya wowote. Kisha akavaa viatu vyake kwa taabu, akaaga kwa heshima zote, akasukuma sahani ya biskuti zilizobaki upande wa Mama Gundi. Pengine alikusudia wema. Mama Gundi aliziacha palepale.

Kwenye korido Afisa Mipango alimvuta kando, karibu na tangi la maji.

“Mimi sijasema,” alianza, na mtu akianza hivyo jua atasema. “Kanuni inataka mitambo iwe imeshafika anapozindua. Kesho asubuhi akikuta banda tupu, mradi wa ng'ambo unafutwa. Unatafutwa mkoa mwingine, na waliotolewa wanaruhusiwa kulalamika upya. Mlango unakuwa wazi kwa muda mfupi sana.”

“Kwa hiyo malori yasivuke leo.”

“Mimi sijasema.”

Mama Gundi hakungoja hata kumuaga. Alikunja kona ya ofisi mbio, mwanamke wa umri wake, kandambili mkononi, na waliomwona walidhani kuna msiba. Hawakukosea sana.

Habari zilikuwa zimeshamtangulia. Wafanyakazi walikuwa wamejaa nje ya geti la kiwanda, wengine na nguo zao za siku ya mapumziko, wengine na watoto mgongoni. Lori lililopakiwa mwisho ndilo lililotangulia kutoa pua nje ya geti, na juu yake, chini ya turubai, Tembo alikuwa amefungwa kamba. Dereva alikuwa anapiga honi. Kando ya dereva alikaa Spana, ndoo ya boliti mapajani.

“Huyo amekuja,” alisema Mdomo, mshonaji wa siku nyingi ambaye jina lake halihitaji maelezo. “Mama Gundi, wewe ndiye uliyetupanga siku ya wageni. Tupange na leo.”

“Ametupanga vizuri kweli,” alisema mkata ngozi mmoja nyuma. “Mpaka kiwanda kimeona haya kukaa na matajiri.”

Watu walicheka kicheko kibaya. Mama Gundi alikimeza, maana kilikuwa haki yake.

“Nisikilizeni,” alisema akihema. “Malori yasipovuka mto leo, kesho uzinduzi unavunjika. Ukivunjika, tunaruhusiwa kusema upya. Na safari hii tutasema ukweli, kila mtu nyumbani kwake, mkeka na tundu lake. Sijui kama watatusikiliza. Lakini Tembo akishavuka, hatuna hata hilo.”

“Tuyazuie kwa kitu gani?”

“Kwa makalio. Tunakaa chini, hapa getini, mpaka kesho.”

Kila mmoja alimtazama jirani yake. Kukaa mbele ya lori si jambo la kupokezana kama vipande vya miwa.

“Kaa wewe kwanza,” alisema mkata ngozi.

Ilikuwa haki. Mama Gundi alipiga hatua mpaka mbele ya lori, na hapo simu yake ikalia. Angeiacha ilie. Lakini aliyepiga alikuwa binti yake, mtoto wake wa pekee, aliyeolewa ng'ambo ya mto na ambaye kwa muda mrefu simu zake zote zimekuwa za kilio.

“Mama, umekaa?”

“Sijakaa.”

“Basi kaa nikupe habari. Nimepata kazi, mama. Kazi ya kweli, kiwandani. Kuna kiwanda cha viatu kinakuja huku. Nimewaambia mama yangu ndiye Mama Gundi, wakaniandika hapohapo, chumba cha gundi. Watu walijaa mpaka barabarani, mama, wengine walilala pale. Mume wangu yuko hapa analia. Sijawahi kumwona analia.”

Mama Gundi aligeuka akamtazama Tembo juu ya lori.

“Mama? Unanisikia? Mbona kuna kelele, mna sherehe?”

“Nakusikia.”

“Hiyo mitambo imeshaondoka huko? Maana wametuambia isipofika leo, kesho tusijisumbue kwenda.”

Honi ililia tena. Spana alitoa kichwa dirishani. “Dada, nipishe,” alisema polepole, kama zamani alipokuwa anaomba kubebwa. “Nakuomba, dada. Nipishe.”

Watu wote walikuwa wanamtazama magoti. Walitaka kuona yatakunjika au hayatakunjika. Wengi walikuwa wanawake aliowashika mkono yeye mwenyewe, akawaonyesha gundi inapakwaje isimwagike pembeni. Wamelea watoto kwa kazi hiyo. Na upande wa pili wa simu alikuwepo mwanamke mwingine aliyejifunza vilevile, kwenye meza ya jikoni, kwa viatu vibovu vya baba yake.

Lami ilikuwa ya moto. Mama Gundi alikusanya gauni lake magotini, akakaa katikati ya geti, simu sikioni.

“Bado, mwanangu,” alisema. “Mitambo bado iko huku.”

“Inaondoka saa ngapi?”

“Haiondoki.”

Binti alicheka, akidhani mama anamtania. Alicheka peke yake muda kidogo. Kisha sauti ikabadilika.

“Mama, umefanya nini?”

Mdomo alikaa. Mkata ngozi alikaa. Nyuma yao wakakaa wengine, mpaka geti lote likajaa watu na nguo zao nzuri kwenye vumbi. Dereva alizima injini, akafungua mlango, akashuka. Alisema yeye ameajiriwa kuendesha barabarani, si juu ya mama za watu, akaenda kutafuta kivuli. Watu wakapiga makofi. Mtu mmoja akaanza hata kumtania mkata ngozi kwamba suruali yake ya harusi imepata mhuri.

Injini ikawaka tena.

Mama Gundi aliinua kichwa. Simu ilikuwa bado inaongea sikioni mwake, ikimwita mama, mama, lakini macho yake yalikuwa juu, kwenye kioo cha lori. Spana alikuwa amehamia kiti cha dereva. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni, na mkono mmoja ulikuwa umeshika gia.

“Inuka, dada,” alisema.

Lori likaanza kusogea.